Vifaranga Wanaoitikia Filimbi ya Shule

Kwa Bwana Mifugo,
Ofisi ya Mifugo.

Kutoka kwa Mwalimu wa Nidhamu,
Nyumba ya walimu ya mwisho, inayopakana na uwanja wa shule.

Yah: Malalamiko dhidi ya vifaranga, na dhidi yako wewe uliyewaleta

Ndugu Bwana Mifugo,

Salamu nakupa, si kwa sababu umezistahili, bali kwa sababu nimefundisha uandishi wa barua rasmi muda mrefu na siwezi kuanza barua kwa kukukaba koo. Natumaini hujambo. Natumaini gambuti zako nazo hazijambo, maana sijawahi kuziona na tope hata mara moja, jambo linalonifanya nijiulize huwa unaikagua mifugo ya watu ukiwa umesimama wapi.

Huenda hunijui vizuri, kwa hiyo nitajieleza. Mimi ndiye mwalimu wa nidhamu. Wanafunzi wananiita Kimya, nyuma ya mgongo wangu bila shaka, na jina hilo sikuliokota, nimelitolea jasho. Viatu vyangu vina vyuma kisiginoni. Nikiingia mwanzo wa korido vinasikika mpaka darasa la mwisho, na kabla sijaufikia mlango wa pili shule nzima imetulia: waliokuwa juu ya madawati wameshuka, waliokuwa nje wamepotelea kusikojulikana. Hata binti yangu alipokuwa mdogo alivijua. Vikisikika getini naye yuko jikoni anapiga soga na mama yake, alikuwa anachukua daftari lake na kuhamia chumbani. Hiyo ndiyo heshima, Bwana Mifugo. Nimeijenga kwa miaka, nawe umeibomoa kwa katoni moja.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Maelekezo yako yalikuwa nusu.

Mke wangu ndiye aliyejiandikisha ofisini kwako apatiwe vifaranga wa mashine. Walipokuwa tayari, yeye alikuwa amesafiri kwenda kumwangalia binti yetu aliyejifungua, kwa hiyo nikawapokea mimi. Ulifika na katoni yenye matundu. Hukuingia. Ulinipitishia katoni juu ya geti kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima, ukasema niwawekee taa ya joto, niwatandikie maranda, maji yawe safi, kisha ukatamka maneno ambayo nimeyahifadhi kama yalivyo: “Halafu mwalimu, wazoeze sauti moja. Wakiisikia tu wajue ni chakula.” Nikakuuliza mama yao yuko wapi. Ukacheka, ukasema mama yao ni mashine, ukawasha pikipiki yako.

Sauti gani, Bwana Mifugo? Dunia imejaa sauti. Wapo wanaogonga bati. Wapo wanaochongoa midomo na kulia kri kri kri mbele ya majirani bila haya. Mimi ni mtu mzima mwenye cheo, sichongoi midomo. Sauti niliyokuwa nayo ilikuwa inaning'inia shingoni mwangu, nimeitumia kazini siku zote na haijawahi kuniangusha. Nikapuliza filimbi. Pyu moja, nikamwaga chakula. Jioni tena, pyu moja, chakula. Wakaielewa haraka kuliko kidato cha kwanza chochote nilichowahi kukipokea, na nilijisifu, nakiri. Kama ungekuwa mtaalamu badala ya msambazaji wa katoni, ungenionya.

2. Tabia zao ndani ya nyumba yangu.

Niliwaweka sebuleni kwa sababu taa yenye waya mrefu iko hapo, kando ya kiti changu. Jioni ya kwanza walilia wote kwa pamoja. Nikasimama, nikatamka “Kimya!” kwa sauti ileile inayotuliza bwalo zima. Wakanyamaza. Wakanitazama. Kisha wakaendelea kwa nguvu zaidi, kama darasa lililogundua kwamba mwalimu ni wa muda.

Walisimama ndani ya maji yao ya kunywa. Walimwaga chakula, wakakikanyaga, wakakitia kinyesi, kisha wakalia njaa. Mmoja aliruka akatua kwenye mitihani niliyokuwa nasahihisha, akaacha alama yake juu ya karatasi ya mwanafunzi ambaye, kusema haki, hakustahili alama nyingine. Na yule mweusi, mdogo kuliko wote, alijilaza ubavu ghafla, miguu kainyoosha, shingo kailaza chini, nikajua basi, amekwenda. Nikakupigia simu. Ukapiga miayo, ukaniambia: “Wanalala hivyohivyo, mwalimu, we endelea kufuatilia tu.” Sikukupigia kwa wasiwasi. Nilitaka kumbukumbu ziwe sahihi. Na nilipokupigia tena baadaye, ni kwa sababu alikuwa bado amelala.

Kisha kinyesi kikawagandia nyuma wakashindwa kwenda choo. Ukaniagiza, kwa simu kama kawaida yako, nitumie pamba na maji ya vuguvugu. Sasa nione: mwalimu wa nidhamu, tai shingoni, kamshika kifaranga kiganjani, anamsafisha nyuma na kumpulizia akauke. Umeme ulipokatika ilinibidi nijaze maji ya moto kwenye chupa na kuzizungushia sweta yangu ya kazini ili wapate pa kujibana. Sweta ile sijaivaa tena. Sasa ni yao, na wameichambua mikono yote miwili.

3. Uvamizi wa mstarini.

Walipoota manyoya niliwatoa uani. Kati ya uani kwangu na uwanja wa shule kuna ua wa miti, mzuri kwa kuzuia wanafunzi. Haukupandwa kuzuia kitu chenye ukubwa wa ngumi.

Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya shule nzima kama ninavyosimama kila Jumatatu. Nikapuliza filimbi. Wanafunzi wakakauka, mikono ubavuni, macho mbele. Ndipo nikasikia sauti nyembamba nyingi kwa pamoja kutoka upande wa nyumbani, na nikaona mstari wa kidato cha pili ukiyumba katikati. Walipita katikati ya miguu ya watu, mabawa yamepanuka, wakikanyagana, mweusi nyuma kabisa akijitahidi. Wakafika, wakapanda viatu vyangu, wakainua vichwa kutazama mikono yangu.

Sikuwa na kitu mikononi. Nilikuwa na tangazo kuhusu kuchelewa.

Kicheko kilianzia kidato cha pili kikaenea mpaka kwa walimu. Mwalimu wa hesabu, ambaye nilidhani hana meno kwa jinsi asivyocheka, aliegemea mlingoti. Mkuu wa Shule, mama makini sana, alijifunika uso kwa faili, na faili likawa linatikisika. Nikawaamuru vifaranga waondoke. Hawakuondoka. Nikasoma tangazo nikiwa nimesimama palepale, kwa sababu ningeinua mguu ningemkanyaga mtu. Namaanisha kifaranga.

4. Jina.

Kabla ya mapumziko ya saa nne Kimya alikuwa amekufa na kuzikwa. Sasa naitwa Mama Vifaranga. Si nyuma ya mgongo, maana mgongo wangu umepoteza kazi. Mpishi wa shule ananikaribisha dirishani mbele ya foleni nzima: “Karibu Mama Vifaranga, watoto hawajambo?” Ananiwekea ukoko wa sufuria kwenye karatasi bila kuulizwa, nami nauchukua ili kuepusha mabishano.

Ubaoni nilikuta pamechorwa kuku amevaa tai. Nilimtafuta mchoraji ili nimwadhibu, na nilipompata nilishindwa kuanza, kwa sababu mistari ya tai ilikuwa sahihi kabisa, na vifaranga walichorwa wote, mweusi nyuma. Nilimwambia tu mkia wa kuku haukai vile.

Nikadhani nitapata faraja nyumbani. Mke wangu aliporudi safari alinikuta nimechuchumaa uani, mmoja begani, nampasulia mwingine punje iliyomshinda. Aliweka begi chini akanitazama kwa utulivu. Akasema, “Nimekwenda kumlea mzazi, kumbe mzazi nimemwacha nyumbani.” Amekataa katakata kuwapokea. Anasema wakimwona wanakimbilia kwangu, na yeye hana muda wa kugombania watoto uzeeni.

5. Kuku mlezi.

Usiseme sikujaribu njia za kitaalamu. Nilikwenda kwa jirani yangu, mama fundi cherehani, nikamwazima kuku wake aliyekuwa anaatamia mayai viza kwa ukaidi tu. Nilimleta kwa heshima zote. Alipowaona vifaranga aliwakubali palepale: akatanua mabawa, akaita kwa ile sauti yao ya ndani. Nao, baada ya kufikiria kidogo, wakaanza kusogea. Nilisimama pembeni, pembeni kabisa, nikijiambia kwamba hayo ndiyo niliyoyataka.

Mwalimu wa michezo akapuliza filimbi uwanjani.

Walimwacha mlezi na mabawa yake hewani. Hawakwenda uwanjani. Walikuja kwangu, ingawa filimbi haikuwa yangu. Kuku yule alitazama pale walipokuwa, akanitazama mimi, akanijia mbio na kunidonoa kifundo cha mguu. Nimekuwa mwalimu muda mrefu na nimechukiwa na wengi, ila sijachukiwa hivyo. Siku chache baadaye akaona ukaidi haumlishi. Sasa filimbi ikilia naye anakuja, tena mbele. Mama fundi amedai kuku wake, nikamrudishia, kuku akarudi mwenyewe. Mama fundi alisimama kwenye ua, utepe wa kupimia shingoni, akaniambia kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, “Mwalimu, umeniharibia kuku.”

6. Kuporomoka kwa nidhamu.

Ofisini kwangu kuna kiti kinachotazama ukuta. Kiti hicho kimewatoa machozi watu ambao leo ni mahakimu. Kwa sasa kinatazama dirisha, kwa sababu vifaranga sasa wananifuata mpaka kazini, na mweusi hupenda kutulia kwenye egemeo lake jua linapoingia. Fimbo yangu nimeipitisha juu ya katoni wapate pa kushika wakilala. Nimewaazima kwa muda.

Wanafunzi wamepoteza hofu. Juzijuzi alikuja mchelewaji. Zamani mchelewaji aliponiona alikuwa anarudi kwao. Huyu alinifuata mwenyewe, anahema, mkononi kopo, akasema, “Samahani mwalimu, nilikuwa nawachimbia mchwa.” Kopo limejaa mchwa, wanono. Je, hiyo ni rushwa? Kwa kanuni zangu ni rushwa. Lakini mchwa ni chakula chenye nguvu, kama ungejua kazi yako ungekuwa umenieleza, na vifaranga walikuwa wamekwisha kulizunguka kopo. Nilimsamehe kwa maandishi. Kesho yake makopo yakawa mengi. Mlango ambao hakuna aliyewahi kuugonga bila kuitwa, sasa unagongwa kila mapumziko. Wanaingia, wanakaa chini, wanazungumza. Mmoja alinieleza habari za kwao, sikumuuliza. Ofisi ya nidhamu imekuwa baraza.

7. Uamuzi wa Mkuu wa Shule.

Hapa ndipo maji yamenifika shingoni. Mkuu wa Shule ameniita, akaniketisha, na baada ya kumaliza kunitoa unyoya kwenye kola ameniambia kwamba shule haiwezi kuendeshwa hivi. Filimbi ya nidhamu ikilia lazima wanaokuja wawe wanafunzi. Amenipa mpaka Ijumaa nichague: ama vifaranga waondoke uani kwangu nibaki mwalimu wa nidhamu, ama nibaki na vifaranga na filimbi apewe mtu mwingine, mimi nipelekwe maktaba. Maktaba, Bwana Mifugo, ambako kimya kipo tangu asubuhi bila kusaidiwa na mtu.

Kwa kuwa janga hili limetoka ofisini kwako, naomba kwa unyenyekevu mkubwa yafuatayo:

(a) Niandikiwe cheti rasmi, chenye muhuri, kinachothibitisha kwamba mimi si mama wa vifaranga hao. Kibandikwe ofisini kwako, shuleni kwetu, na dirishani kwa mpishi.

(b) Kama cheti hakiwezekani, basi uje ukae na vifaranga uwafundishe kutofautisha filimbi ya chakula na filimbi ya kazi. Wewe mwenyewe, si kwa simu, na kri kri kri uilie wewe.

(c) Kama hilo nalo linakushinda, maana yake ofisi yako inakubali kwamba mimi ni mama yao. Ama ni mama, ama si mama, katikati hapakaliki. Na kama ni mama, basi naomba uniunge mkono niombe likizo ya uzazi yenye malipo, ianzie siku ile uliponipitishia katoni juu ya geti, pamoja na sweta mpya.

(d) Na kama yote matatu yamekupita kimo, ambavyo ndivyo ninavyotarajia nikikumbuka usafi wa gambuti zako, basi Ijumaa asubuhi kabla ya mstarini uje na tenga, uwachukue wote. Mweusi usimchanganye na wenzake, wanamkanyaga, na mguu wake wa kushoto haukai sawa. Ukimaliza kuwapakia usinisubiri niage. Nitakuwa kazini.

Sina la ziada. Nisalimie karani wako anayekusemea kwamba umetoka hata ukiwa unasikika unakohoa ndani. Nisalimie mlinzi wa geti lenu, pikipiki yako, na ile mashine ya kutotolesha ambayo, kama ulivyosema, ndiyo mama. Iulize inawezaje kulala usingizi. Wote ofisini wape salamu zangu na uwaambie nawafuatilia.

Wako, kwa heshima ile iliyobaki,

Mwalimu wa Nidhamu
(zamani Kimya)

Nyongeza: Barua hii niliimaliza jana. Leo, Alhamisi, Mkuu wa Shule ameichukua filimbi akaitia kwenye droo yake, anasema shule ipumue hadi kesho. Nimerudi nyumbani shingo tupu. Njiani nilikuwa najiambia ni vizuri hivi, leo hawatanijia, hawana sauti ya kuwaita, kwa hiyo kesho haitakuwa ngumu. Nikafungua geti. Hapakuwa na filimbi, sikuwa na chakula, sikusema neno. Nilikanyaga sakafu ya simenti tu, vyuma vya viatu vikalia.

Bwana Mifugo, katika maisha yangu kila mwenye miguu akivisikia viatu hivi hukimbia. Nimekuwa nikijivunia hilo, na mpaka sasa sijawahi kulilalamikia. Na hawa nao walikimbia. Walitoka nyuma ya tangi, chini ya karo la kuoshea vyombo, hata yule mlezi mkorofi, mweusi nyuma kabisa na mguu wake, wakakimbia wote kunijia mimi. Nimekaa chini pale getini kwa muda. Mke wangu ameniletea chai hukohuko na hakunitania, nami nikamwambia safari hii twende wote tukamwone mjukuu, na nitavaa ndala.

Filimbi sitaidai. Atakayepewa aambiwe asiipulize bila punje mfukoni, si vizuri kuwadanganya.

Tenga usilete. Ila kesho njoo, na safari hii ingia mpaka uani na hizo gambuti zako, umtazame mweusi mguu. Usipige honi getini. Njoo polepole, maana mchana huwa wanalala, na huyu amelala mapajani kwangu hapa, ndiyo maana mwandiko umepinda.